Nimtoe mama yangu kwenye bima ili mama mkwe aingie?

Shikamoo Dada Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza, mkoa wa Tanga, nina miaka 41. Naomba jina langu lisitajwe, maana huku kila mtu anamjua mwenzake na jambo lenyewe ni la ndani ya nyumba.

Mume wangu ana duka dogo la vipuri vya pikipiki. Kipato chake leo kipo, kesho hakipo, kwa hiyo bima inayotubeba wote ni hii ya taifa inayokatwa kwenye mshahara wangu. Kadi yangu inamchukua mume pamoja na wategemezi wanne. Nafasi hizo nne zilijaa zamani: watoto wetu watatu na mama yangu mzazi. Mtoto wa kwanza ana miaka 17 na yuko kidato cha tano, wa pili ana 11, kitinda mimba ana 6.

Mama ana miaka 63. Aligundulika na kisukari mwaka 2013, baada ya kidonda cha mguu kugoma kupona. Karibu akatwe kidole. Baadaye ikaonekana na presha anayo. Nilimwandika kwenye kadi yangu baba alipofariki, na tangu hapo hakosi kliniki. Anameza metformini ya sukari na dawa ya presha, anapimwa damu, macho na miguu. Leo ukimwona huwezi kuamini kwamba ni mgonjwa. Analima bustani ya mchicha, anatembea mwenyewe hadi sokoni, na harusi za ukoo zote yeye ndiye mpishi mkuu.

Mama mkwe ana miaka 68 na anaishi Korogwe. Presha anayo miaka mingi, lakini dawa alikuwa anameza kichwa kikimuuma tu. Kikitulia, anaacha. Miezi michache iliyopita alivimba miguu, akawa hapumui vizuri, tukamkimbiza hospitali akalazwa. Daktari alituambia presha imeshaziumiza figo. Kwenye karatasi ya majibu kuna namba 38, na alitueleza kwamba figo zinafanya kazi kama asilimia 38 hivi, na tusipokuwa makini huko mbele atahitaji kusafishwa damu. Tangu litoke neno hilo, nyumbani kwetu hakuna aliyesikia lingine. Tuna jirani ambaye mumewe alisafishwa damu mara tatu kwa wiki mpaka wakauza kiwanja na ng'ombe, na bado akafariki. Picha hiyo ndiyo iliyotukaa kichwani.

Gharama ya kulazwa tulilipa mkononi. Mume wangu alikopa kwenye kikoba na kuuza sehemu ya bidhaa za dukani. Sasa mama mkwe yuko nyumbani na vidonge viwili vya presha na tarehe ya kurudi kliniki. Magoti nayo yanamsumbua, kwa hiyo anameza na vidonge vya maumivu anavyonunuliwa duka la dawa.

Mume wangu ameniambia waziwazi: "Mama yako ni mzima, mama yangu anakufa. Mtoe mmoja aingie mwingine." Dada, sitaki umwone mtu mbaya. Mama yangu alipokuwa na kile kidonda, yeye ndiye aliyekuwa akimpakia kwenye pikipiki kila asubuhi kwenda kusafishwa, na tulikuwa hatujafunga ndoa muda mrefu. Deni lake kwetu nalijua. Ndiyo maana nashindwa kusema hapana, na nashindwa kusema ndiyo.

Wifi yangu wa Dar es Salaam alikuja na wazo lake. Anasema hawa wazee hawapishani sana umri, picha ya kwenye kadi ni ya zamani, basi mama mkwe aende kliniki na kadi ya mama yangu kwa jina la mama yangu. Nilikataa. Akasema naringia ajira.

Nimewaza pia kumtoa mtoto wa pili, ambaye hajawahi kulazwa tangu azaliwe. Usiku nikilala wazo hilo linanitisha. Shemeji yangu mdogo ni mtumishi wa halmashauri, Handeni, bado hajaoa, lakini yeye na mume wangu hawasemezani tangu ugomvi wa shamba la baba yao, na mume wangu hataki hata kusikia jina lake.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Mama amesikia. Amekuja akaniambia, "Mwanangu, nitoe mimi. Nimeshakula chumvi ya kutosha, usivunje nyumba yako kwa ajili yangu." Siku chache baadaye nilikuwa napanga kabati lake, nikakuta vidonge vya mwezi mzima karibu vyote vipo. Nilipombana alikiri kwamba anameza kidonge kimoja badala ya viwili, na siku nyingine hamezi kabisa, anajiwekea akiba kwa siku nitakayomtoa.

Dada, nifanyeje? Nimtoe nani?

Mwalimu, Muheza

MAJIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma nikarudia, na kila niliporudia macho yaliishia kwenye lile kabati. Tuanzie hapo, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri kikao cha familia na hilo haliwezi.

Mama yako arudi kwenye dozi yake kamili, na umpeleke kliniki ndani ya wiki hii hata kama tarehe yake haijafika. Mwelezeni mhudumu ukweli wote kwamba alipunguza dawa, na kwa muda gani. Asione haya, kliniki za kisukari husikia habari hizi kila siku. Apimwe presha na sukari, na kama kipimo kinapatikana, apimwe ile sukari ya miezi mitatu, kwa sababu kipimo cha kidoleni kinaonyesha ya saa ile tu na mtu anaweza kufunga siku moja akatoa jibu zuri. Mtazameni na miguu, hadi katikati ya vidole. Mtu aliyewahi kupata kidonda cha kisukari yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kingine, na mara nyingi mguu wenyewe umeshapoteza hisia, hajui hata akichomwa na mwiba. Sukari na presha hupanda bila kelele. Anaweza kuendelea kulima mchicha wake akijiona yuko sawa mpaka siku kiharusi kinapomwangusha. Mwambie pia, kwa sauti ya upole, kwamba akiba anayoiweka haimsaidii. Kidonge cha leo kazi yake ni ya leo.

Sasa nirudi kwenye swali lako, kama ninavyolielewa. Una nafasi nne na watu watano wanaokutegemea. Mume wako anakuomba umtoe mama yako, aliyekaa kwenye kadi kwa miaka na anaonekana hana tatizo, ili aingie mama yake ambaye ametoka kuugua na anaogopewa kwamba atahitaji matibabu ya gharama kubwa. Wewe unaona haki pande zote mbili. Juu ya hayo mama yako ameshaanza kujitoa mwenyewe kimyakimya. Umeniuliza umtoe nani. Siwezi kukutajia jina, na hata ningeweza nisingependa, kwa sababu nina shaka kama swali limekaa sawa. Acha nikueleze shaka zangu.

La kwanza ni lile neno la mume wako, kwamba mama yako ni mzima. Namwelewa alivyofikia hapo, kwa sababu macho yanamwonyesha hivyo. Lakini kisukari na presha havijaondoka kwa mama yako. Viko palepale, vimedhibitiwa, na kinachovidhibiti ni vidonge, vipimo na ile safari ya kliniki asiyoikosa. Afya anayoiona mume wako ndiyo kazi ya kadi yenyewe. Bahati mbaya kazi ya namna hii haionekani, kwa sababu matunda yake ni mambo ambayo hayakutokea: kidole ambacho hakikukatwa, jicho ambalo halikupofuka, figo ambazo hazikuchoka. Na mfano wa upande wa pili mnao nyumbani kwenu. Mama mkwe wako alikuwa na ugonjwa uleule wa presha, akaufuata kwa maumivu ya kichwa. Presha kwa kawaida haiumi. Mtu huhesabiwa kuwa nayo vipimo vikijirudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi, na anaweza kukaa na namba hizo miaka kumi akicheka na wenzake, huku mishipa midogo ya ndani ya figo ikiharibika. Simlaumu mama wa watu. Wengi wetu tumelelewa kujua kwamba dawa humezwa unapoumwa na huachwa unapopona, na si kila kliniki ina muda wa kukaa na mzee kumweleza kwamba hii ni ya maisha.

Kwa hiyo mkizungumza, ningependa mume wako asikie hivi: hawa mama wawili wana ugonjwa wa ukoo mmoja, na tofauti yao kubwa ni kwamba mmoja alipata ufuatiliaji na mwingine hakuupata. Akisikia hivyo, huenda hoja ikageuka kutoka "nani anastahili zaidi" kuwa "tutawapatiaje wote wawili ufuatiliaji".

La pili ni ile 38. Naomba niizungumze kwa kirefu, kwa sababu naona ndiyo inayowaendesha.

Kipimo hicho hukadiriwa kutokana na kreatinini, uchafu ambao figo huuchuja, iliyoko kwenye damu, pamoja na umri na jinsia ya mtu. Kwa kijana mwenye figo nzima huwa 90 na kuendelea, na hushuka kidogo kidogo kadiri umri unavyosogea. Chini ya 60 kwa miezi mitatu mfululizo au zaidi ndipo madaktari husema huu ni ugonjwa sugu wa figo. Angalia hapo kwenye miezi mitatu. Mama mkwe wako alipimwa akiwa amelazwa, amevimba, hapumui vizuri. Figo za mtu aliye katika hali hiyo zinaweza kushuka kwa muda na kupanda tena kiasi akitulia. Je, kipimo kimerudiwa? Kama bado, hilo ni swali la kwanza la kumuuliza daktari siku ya kliniki. La pili, aulizwe kama mkojo una protini, kwa sababu figo zinazovujisha protini nyingi huelekea kuharibika haraka zaidi.

Hata ikibaki 38, hapo bado hajafika kwenye kusafishwa damu. Kwa kawaida mazungumzo ya kusafisha damu huanza kwa dhati mtu anapokaribia 15 au kushuka chini yake, na hata hapo hutazamwa na dalili zake. Wazee wengi wenye 38 hawafiki huko kabisa maishani mwao, hasa presha ikishikwa vizuri. Siwezi kukuahidi kwamba yeye ni mmoja wao. Ninachoweza kusema ni kwamba daktari aliwaambia "tusipokuwa makini", na nyinyi kwa hofu ya mliyoyaona kwa jirani mkasikia "atasafishwa damu". Kati ya maneno hayo mawili kuna miaka, na miaka hiyo inategemea sana mambo ambayo si ghali.

Mojawapo umelitaja bila kulikazia. Vile vidonge vya magoti. Kama ni diklofenaki, ibuprofeni au jamaa zake, huenda vinaziumiza figo zake zaidi ya kitu kingine chochote anachokula, na vinapandisha presha pia. Mpigieni simu leo aviache mpaka amwonyeshe daktari hiyo pakiti, kuna dawa nyingine za maumivu zinazozihurumia figo. Vivyo hivyo kwa dawa za mitishamba ambazo muuzaji mwenyewe hajui zimechanganywa na nini. Chumvi nayo ipunguzwe, Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu alichokula siku nzima, pamoja na ile iliyomo kwenye samaki wa chumvi kama papa na ng'onda. Najua ninawaambia watu wa Tanga waache ng'onda, na nasema kwa huruma, lakini figo zake zinahitaji hivyo.

Dawa anazohitaji kwa sasa pia si za kutisha bei. Amlodipini, losartani, enalapril na wenzake ni dawa za presha za miaka mingi, zinatengenezwa na viwanda vingi. Metformini ya mama yako iko kundi hilohilo. Kinacholemea ni vipimo, kulazwa, na matibabu makubwa ya ghafla. Ndiyo maana nakushauri wewe na mume wako mkae na daftari, mwandike kwa kila mama mafungu mawili: yale ya kila mwezi yanayojulikana, na yale makubwa ambayo yanaweza kutokea au yasitokee. Fungu la kwanza familia inaweza kuchangishana. La pili ndilo ambalo bima iliundwa kulibeba. Nikuonye mapema kwamba daftari hilo halitakupa jibu rahisi. Linaweza kuonyesha kwamba mwenye figo dhaifu ana hatari kubwa zaidi ya gharama kubwa, na bima ya taifa hulipia kusafisha damu, kwa hiyo hofu ya mume wako ina msingi. Linaweza pia kuonyesha kwamba mama mwenye kisukari na historia ya kidonda yuko hatua chache tu kutoka kwenye kulazwa. Mkiziona hesabu zenu wenyewe, mtaacha kupimana nani anampenda mama yake zaidi.

Kuhusu wazo la wifi, ulifanya vyema kukataa, na sitaki ubaki na hisia kwamba uliringa. Kutumia kadi ya mtu mwingine ni udanganyifu na kunaweza kukugharimu ajira, na ajira ndiyo inayozibeba nafasi zote nne. Vituo vingi siku hizi huhakiki sura au alama za vidole. Lakini hata kama pasingekuwa na mtu wa kukamata, kuna hatari iliyo kubwa zaidi. Faili la mama yako linasema huyu ana kisukari, anameza metformini. Mama mkwe akitibiwa kwa faili hilo, anaweza kupewa dawa za sukari asiyokuwa nayo. Metformini yenyewe haitakiwi kwa mtu ambaye figo zake zimeshuka chini ya 30. Na mama yako naye akirudi kliniki, daktari atakuta majibu ya figo ya mtu mwingine, aamue kumpunguzia au kumbadilishia dawa kwa ugonjwa asioumwa. Mwambie wifi yako hivyo, kwa maneno hayo. Naamini alizungumza kwa kumhangaikia mama yake, na akilijua hili hatalirudia.

Sasa nafasi zenyewe. Umeniandikia kana kwamba kadi yako ndiyo pekee katika ukoo mzima, lakini kwenye mstari mmoja umemtaja shemeji: mtumishi wa halmashauri, hajaoa. Anakatwa bima kama wewe, asilimia 3 yake na 3 ya mwajiri, na kwa maelezo yako huenda nafasi zake za wategemezi ziko wazi. Mama anayehitaji nafasi ni mama yake mzazi. Najua kuna ugomvi wa shamba, na wewe ni mke, huwezi kuingia katikati ya ndugu wa damu na kuwapatanisha kwa nguvu. Lakini si lazima wapatane kuhusu shamba ili mmoja amwandike mama yao kwenye bima. Je, mama mkwe mwenyewe anaweza kumpigia mwanawe? Kuna baba mdogo au mzee wa ukoo anayeheshimiwa na wote wawili? Hatari ya njia hii ni kwamba mume wako anaweza kuona umepita mgongoni mwake. Kwa hiyo asikie kwako kwanza, kabla simu yoyote haijapigwa. Shemeji naye anaweza kukataa, au kukubali leo na kuhitaji nafasi zote akishaoa na kuzaa.

Kumtoa mtoto ni wazo ambalo wazazi wengi hulifikiria, na sitakuambia ni baya. Kuna Toto Afya Kadi, bima ya watoto, ambayo bei yake tuliyoizoea ni Sh50,400 kwa mwaka kwa mtoto. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, kisha ukarejeshwa, na mabadiliko haya ndiyo sababu ya kukuomba usimtoe mtoto kwa kutegemea bei uliyoisikia kwa jirani. Nenda ofisi ya bima mkoani uulize mambo haya kabla ya kutia saini fomu yoyote: bei ya sasa ni ngapi, kadi mpya inaanza kufanya kazi baada ya muda gani, inatibu hospitali zipi, na ukishamtoa mtegemezi unaweza kumrudisha? Swali la mwisho ni zito, kwa sababu mabadiliko ya wategemezi yana masharti yake. Mtoto ambaye hajawahi kulazwa ndiye huyohuyo anayeweza kuanguka kwenye mwembe kesho. Akiwa na kadi nyingine mkononi hilo halitishi sana. Akiwa hana, linatisha. Mkubwa wako naye anakaribia miaka 18. Mtoto anayeendelea na masomo hubaki kwenye kadi hadi 21, kwa hiyo nafasi yake haifunguki leo, lakini itafunguka, na mnaweza kuipangia tangu sasa.

Kwa mama mkwe kuna milango mingine, hata kama ni midogo. Sera yetu ya afya inasema wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bila malipo kwenye vituo vya umma. Aanzie serikali ya kijiji au mtaa, kisha ustawi wa jamii, atambuliwe, ndipo dirisha la wazee litamfaa. Msijiwekee matumaini makubwa kupita kiasi: dawa zikiisha kituoni, hununuliwa nje, na kama ana nyumba ya kupangisha anaweza kuambiwa ana uwezo. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, imekuwa Sh30,000 kwa kaya ya watu hadi sita kwa mwaka, ingesaidia kliniki na kulazwa kwa kawaida hadi hospitali ya mkoa, ila haikuundwa kubeba kusafisha damu. Halafu kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, ambayo inataka kila mkazi awe na bima. Viwango na taratibu vinabadilika inapoendelea kutekelezwa, kwa hiyo siku ile utakapokwenda ofisi ya bima, uliza na kaya ya mama mkwe inaweza kujiunga vipi kwa sasa. Kampuni binafsi nyingi haziwapokei watu wapya wa umri wake, na zinazowapokea huweka muda mrefu wa kusubiri kwa ugonjwa uliokuwapo, kwa hiyo wakala akija nyumbani na maneno matamu msitoe hela kabla ya kusoma masharti hayo.

Inawezekana utayapitia yote haya na bado ukarudi palepale: nafasi nne, watu watano, shemeji amekataa. Hapo ukimbakisha mama yako, mume wako atahitaji kuona kwa vitendo kwamba mama yake hajaachwa, labda kwa wewe kuchangia sehemu ya kliniki yake kila mwezi kwenye mshahara wako. Ukimtoa mama yako, basi ndugu zako, kama unao, waitwe wachangie dawa zake na vipimo kabla hajatoka, na fedha zionekane mkononi. Ahadi za kwenye simu unazijua. Kila njia itamwacha mtu mmoja kwenye upepo kidogo, na ninyi wawili ndio mnaojua ni nani anaweza kuustahimili na kwa muda gani.

Neno langu la mwisho ni kuhusu mume wako. Umemwandika kwa heshima hata ulipokuwa umeumia, na ile habari ya pikipiki imenigusa sana. Nadhani naye anaogopa. Amemwona mama yake akihangaika kupumua, amekopa kikoba, duka limepungua, na hajui ya mbele. Usianze mazungumzo na kadi. Muulize anaogopa nini hasa. Kisha mwombe muende pamoja, wewe na yeye, kwenye kliniki ijayo ya mama yake, mkiwa mmeandika maswali: kipimo kirudiwe lini, mkojo una protini kiasi gani, presha yake inatakiwa iwe ngapi, magoti atumie nini. Akisikia mwenyewe kutoka kwa daktari, haitakuwa maneno ya mke anayemtetea mama yake.

Na mama yako asikie kutoka kwenu wote wawili, si kwako peke yako, kwamba hakuna aliyemwomba ajitoe. Mume wako akimwambia hilo kwa mdomo wake, naamini vile vidonge vitamezwa. Niandikie mkishatoka kliniki, unieleze na ofisi ya bima wamesemaje kuhusu kumrudisha mtegemezi.